Msuli Unavyoundwa, Unavyokua na Unavyojitengeneza Upya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa Tanga kwa miaka kadhaa ya kufundisha Biolojia. Mengine yaliulizwa darasani, mengine barazani baada ya magharibi, na mengine yalitoka kwa makuli, wavuvi na wacheza mpira waliotaka kujua kwa nini mguu uliouma jana umeuma zaidi leo. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Neno “msuli” lina maana gani hapa?

Kwa watu wa pwani swali hili si la kipuuzi, maana msuli ni pia ile nguo ya kiunoni ambayo mwanamume huivaa akiwa nyumbani, na mwanafunzi akisema amekesha “akipiga msuli” ana maana kwamba alikuwa akisoma. Hapa tunazungumzia mnofu. Neno linalotatiza zaidi ni mshipa, ambalo katika mazungumzo ya kila siku hubebeshwa kila kitu: njia ya damu, neva, kano, hata ngiri. Katika majibu yanayofuata, mshipa ni njia ya damu tu. Neva ni njia inayopeleka na kuleta taarifa kati ya ubongo na mwili. Kano ni ukanda mweupe, mgumu, unaoufunga msuli kwenye mfupa. Na msuli ni mnofu wenyewe unaokaza na kulegea.

Mwili una misuli ya aina tatu. Kuna misuli laini, iliyo katika kuta za utumbo na za mishipa ya damu, kuna msuli wa moyo, na kuna misuli ya mifupa, ambayo ni zaidi ya 600 na ambayo ndiyo tunayoiamuru kwa hiari yetu. Hii ya tatu, kwa mtu mzima, huchukua takriban asilimia 40 ya uzito wa mwili.

Ndani ya msuli kuna nini?

Darasani hutumia kipande cha kamba ya mkonge, kwa kuwa Tanga hakuna mwanafunzi asiyeijua. Ukikifumua polepole unapata kwanza nyuzi nene zilizosokotwa pamoja, kisha kila uzi mnene unakupa nyuzi nyembamba zaidi, mpaka mwisho unabaki na singa moja jeupe ambalo huwezi kuligawa tena kwa vidole. Kisha wanafunzi huchambua kwa sindano kipande cha nyama ya ng'ombe iliyochemshwa, na wanaona mpango uleule: fungu kubwa lina mafungu madogo, na fungu dogo lina nyuzi. Uzi mmoja wa msuli una unene wa mikrometa 10 hadi 100 (mikrometa ni sehemu ya elfu ya milimita), yaani haushindi unywele kwa unene, lakini unaweza kuwa na urefu wa sentimita nyingi. Jambo linalowashangaza ni kwamba uzi huo wote ni seli moja.

Ndani ya seli hiyo kuna nyuzinyuzi za protini zilizopangwa katika vipande vifupi vinavyofuatana, ambavyo huitwa sakomeri. Sakomeri moja ina urefu wa mikrometa 2.5 hivi msuli ukiwa umetulia, kwa hiyo katika sentimita moja zimepangana kama 4,000. Mwaka 1954 makala mbili zilizotoka katika toleo moja la jarida la Nature, moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson, zilieleza kwamba msuli unapojikunja protini zake hazifupiki, bali nyuzi za aktini huteleza kando ya nyuzi za miosini. (Huxley hawa wawili hawakuwa ndugu.) Miosini ina vichwa vidogo vinavyoshika, vinavuta, vinaachia, kisha vinashika tena mbele kidogo, kama mabaharia wanavyovuta kamba ya nanga mkono juu ya mkono. Kalsiamu ndiyo inayofungua njia ya kushika, na nishati inahitajika ili kuachia. Kwa sababu hiyo maiti hukakamaa: nishati imekwisha, na vichwa vimeshika bila uwezo wa kuachia.

Misuli huanza kuundwa lini tumboni mwa mama?

Mapema sana, mara nyingi kabla mama hajajua kwa hakika kuwa ana mimba. Takriban siku ya 20 baada ya mbegu kukutana na yai, pande mbili za mstari wa mgongo wa kiinitete huanza kujikata vijipande viwili viwili, kuanzia upande wa kichwa kuelekea mkiani. Vijipande hivyo huitwa somaiti, na kufikia mwisho wa wiki ya 5 huwa vimetokea jozi 42 hadi 44. Kutokana na kila somaiti hupatikana sehemu ya uti wa mgongo, sehemu ya ngozi ya mgongoni, na misuli.

Seli zinazoelekea kuwa misuli hujulikana kwa jeni ambazo zimewaka ndani yake. Pax3 na Pax7 huziweka katika hali ya kungoja na kuongezeka. Myf5 na MyoD huziamuru ziwe mioblasti, yaani seli zilizokwisha kuamua kuwa msuli. Na miojenini huzisukuma zikomae. Nguvu ya amri hizi ilionekana mwaka 1987, pale maabara ya Harold Weintraub huko Seattle, Marekani, ilipoingiza jeni moja tu, MyoD, katika seli za tishu unganishi, na seli hizo zikageuka kuwa seli za msuli.

Misuli ya mgongo hukaa karibu na mahali ilipozaliwa. Ile ya mikono na miguu ina safari: seli changa hubanduka kwenye somaiti na kuhamia katika vichipukizi vya viungo, zikiwa bado hazijakomaa, na ndugu zake nyingine huenda kuwa ulimi na kiwambo cha kupumulia. Misuli ya uso na ya kutafunia haitokani na somaiti hata kidogo. Ina asili yake kichwani.

Hapa mwalimu wa Tanga hawezi kuacha kumtaja silikanti, samaki ambaye wavuvi wetu walianza kumnasa katika majarife ya kina kirefu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ambaye mwaka 2009 alianzishiwa hifadhi ya bahari. Mapezi yake yana shina la mnofu na mifupa, si vijiti vitupu kama ya changu. Ukoo wake ni jirani wa ule uliotoa wanyama wa miguu minne, na kwa hiyo mnofu wa mkono wako una historia iliyoanza majini, kabla miguu haijakanyaga nchi kavu.

Kwa nini uzi mmoja wa msuli una viini vingi, wakati seli nyingine zina kimoja?

Kwa sababu seli hiyo moja ilikuwa seli nyingi. Mioblasti hujipanga kichwa kwa mkia, kuta zake hugusana, kisha kuta hizo huyeyuka na seli zikawa chombo kimoja kirefu chenye viini vyote. Mwaka 2013 iligunduliwa protini iliyopewa jina la miomeka, ambayo bila yake muungano haufanyiki: panya aliyezaliwa bila protini hiyo alikuwa na mioblasti, lakini hakuwa na nyuzi za misuli, na hakuishi. Kwanza huundwa nyuzi za awali, chache, ambazo huwa kama kiunzi. Kisha nyuzi za pili, zilizo nyingi zaidi, hujengeka zikiegemea zile za kwanza.

Kuna gharama yake. Kiini kilichokwisha kuingia katika uzi hakigawanyiki tena. Msuli uliokomaa, kwa hiyo, hauwezi kuzaa msuli mwingine kwa nguvu zake wenyewe, na hilo ndilo linalofanya swali la seli za akiba, hapo mbele, kuwa kubwa.

Mtoto akicheza tumboni, misuli yake imekwisha kamilika?

Bado. Kijusi huanza kujitikisa mapema, katika wiki ya 7 au ya 8, lakini mama huhisi kati ya wiki ya 16 na ya 20, na mwenye mimba ya kwanza kwa kawaida huchelewa kuliko aliyekwisha kuzaa. Michezo hiyo ni sehemu ya ujenzi wenyewe: msuli usiopata neva na usiotikisika hukua vibaya, na viungo vyake hukakamaa.

Je, mtu anapokua, nyuzi za misuli huongezeka idadi?

Kwa kiasi kikubwa, hapana. Idadi ya nyuzi huwa karibu imekamilika mtoto anapozaliwa, na baada ya hapo kila uzi hunenepa na kurefuka. Mfupa unaporefuka huvuta msuli, na msuli hujibu kwa kuongeza sakomeri mpya kwenye ncha zake, karibu na kano. Kijana anayenyanyua vyuma naye hujengewa protini zaidi ndani ya nyuzi zilezile alizozaliwa nazo.

Mwili una pia breki. Mwaka 1997 Alexandra McPherron na Se-Jin Lee, huko Baltimore, walieleza protini inayoitwa miostatini. Panya waliokosa protini hiyo walikuwa na misuli mikubwa mara mbili hadi tatu. Ng'ombe wa Ubelgiji wanaojulikana kwa mapaja yaliyofura walikutwa na kasoro katika jeni hiyohiyo.

Kwa nini mnofu wa jodari una sehemu nyekundu iliyoiva na sehemu iliyofifia?

Swali hili liliulizwa na mchuuzi wa samaki, na ni bora kuliko mengi ya darasani. Jodari akikatwa vipande, utaona kando ya mgongo ukanda wa mnofu mwekundu kama maini. Huo ni msuli wa nyuzi za polepole, wenye mishipa mingi ya damu na protini nyekundu ya kutunza oksijeni iitwayo mioglobini, na ndio unaomwezesha samaki huyo kuogelea mchana na usiku. Mnofu uliofifia una nyuzi za haraka kwa wingi zaidi, za kukurupuka anapokimbiza dagaa au anapomkimbia papa. Binadamu hakugawanyika waziwazi namna hiyo. Misuli yake mingi imechanganya aina zote mbili, ingawa msuli wa ndani wa kigimbi, unaotusimamisha kutwa, una nyuzi nyingi za polepole. Mazoezi hubadili tabia za nyuzi, hasa miongoni mwa zile za haraka, lakini hayamgeuzi kila mtu kuwa mkimbiaji wa mita 100.

Seli za satelaiti ni nini?

Hazihusiani na dishi la televisheni, isipokuwa kwa picha: ni seli ndogo zinazokaa pembeni ya uzi mkubwa wa msuli kama mwezi pembeni ya dunia. Alexander Mauro aliziona mwaka 1961 huko New York, alipokuwa akitazama msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni. Kila uzi wa msuli umevikwa ala, kama kisu, na seli hizi zimebanwa kati ya uzi na ala yake. Kiini chake hujaza karibu seli nzima, ishara ya seli iliyolala. Zinatambulika kwa jeni ya Pax7, ileile iliyokuwa imewaka tumboni.

Kwa mtu mzima viini vya seli hizi ni asilimia chache tu ya viini vyote vya msuli. Uchache huo usikudanganye. Mwaka 2011 vikundi kadhaa vya watafiti viliwaondolea panya seli hizi, kisha wakaumiza misuli yao, na misuli haikurudi.

Msuli ukiumia, nini hutokea?

Jibu la kisayansi, kwa sehemu kubwa, limetokana na sumu ya nyoka. Swila wa Msumbiji, atemaye sumu na anayepatikana pia Tanzania, ana ndani ya sumu yake protini inayotoboa utando wa nyuzi za misuli. Watafiti wamezoea kuichoma kwa kipimo kidogo katika mguu wa panya, kwa sababu huua nyuzi lakini huacha ala na seli za satelaiti. (Binadamu aliyeumwa na swila ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa sumu nzima huozesha ngozi na mishipa ya damu pia, huyo apelekwe hospitali bila kuchanja wala kufunga kamba.)

Saa chache za kwanza, kalsiamu huingia ndani ya nyuzi kupitia matundu, na nyuzi hujiharibu. Chembe nyeupe za damu hufika kwa makundi: kwanza zile za haraka, kisha makrofaji, ambazo hula mabaki. Uvimbe na joto ambavyo mgonjwa huvilalamikia ni kelele za wafagizi. Baadaye makrofaji hubadilisha tabia na kutoa ishara za kujenga. Wakati huohuo seli za satelaiti zimeamka, zimewasha MyoD na zinagawanyika kwa wingi. Sehemu yake hurudi kulala ili akiba isiishe, na zilizobaki huungana zenyewe kwa zenyewe au na uzi uliojeruhiwa. Kuanzia siku ya 5 au ya 7, kwa panya, huonekana nyuzi changa zenye viini katikati badala ya pembeni, na hiyo ndiyo alama ambayo mtaalamu huitafuta anapotaka kujua kama msuli umewahi kuumia. Baada ya wiki 3 au 4 msuli huwa umerudi karibu kama ulivyokuwa.

Ukiyalinganisha hayo na yaliyosemwa juu ya mimba utaona ni kazi ileile, kwa jeni zilezile na kwa mpangilio uleule, ila safari hii inafanyika ndani ya ala zilizokwisha kuwekwa. Ala ndiyo ramani. Ikiharibika pia, kama katika kukatwa au kuchanika vibaya, seli hujenga bila mwongozo na kovu huziba pengo. Na msuli ukinyofoka pande kubwa hauoti tena.

Je, kuchua msuli ulioumia kunasaidia?

Inategemea lini na kwa nguvu gani, na hapa nitazungumza kwa uchungu kidogo. Nikiwa kijana niligongwa paja kwa goti katika mechi ya ufukweni. Jioni ileile jamaa aliyeaminika kwa mikono yake alinikanda kwa kitambaa cha moto, kisha akanichua kwa mafuta ya nazi na kisigino cha mkono mpaka nikang'ata mto. Wiki zilizofuata goti halikukunjika vizuri, na mahali palipogongwa palikuwa na kitu kigumu kama kokwa la embe. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa ndani ya mnofu.

Hali hiyo ina maelezo. Damu inapovujia ndani ya msuli uliopondeka, baadhi ya seli zilizo karibu huweza kupotoka na kujenga mfupa badala ya nyama, na joto pamoja na kuchua kwa nguvu siku za mwanzo huongeza hatari hiyo. Siku 3 hadi 5 za kwanza msuli uliopondeka au kuchanika unahitaji utulivu, kitu cha baridi kilichofungwa katika kitambaa, bandeji ya kubana kiasi na mguu kuinuliwa. Baada ya hapo kukaa kitako kunadhuru, kwa kuwa nyuzi mpya hupangika vizuri zikivutwa kidogo kidogo, na takriban siku ya 10 kovu huwa si sehemu dhaifu kuliko zote tena. Kuchua taratibu kwa msuli uliochoka tu, usio na jeraha, hakuna ubaya, na nazi haina kosa.

Maumivu ya siku ya pili baada ya kazi nzito yanaletwa na asidi?

Hapana, ingawa imani hii imeenea hata kwa makocha. Asidi ya lakti huondoka katika msuli ndani ya saa moja hivi, ilhali maumivu haya hufika kilele kati ya saa 24 na 72. Yanatokana na michaniko midogo sana na uvimbe unaofuata, na huletwa zaidi na msuli unaokaza huku unarefushwa, kama paja linavyofanya mtu anapoteremka mlima wa Lushoto kwa miguu. Ukirudia kazi ileile baada ya wiki, maumivu hupungua sana. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi baada ya kazi ya sulubu, hata hivyo, hiyo ni mioglobini iliyomwagika kutoka katika nyuzi zilizokufa, nayo huweza kuziba figo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nikiacha mazoezi, misuli hugeuka mafuta?

Haigeuki. Nyuzi hukonda, na mafuta huongezeka kwa seli zake yenyewe.

Supu ya pweza inajenga misuli?

Pweza ni protini nzuri, sawa na dagaa, mayai, kunde au maziwa. Tumbo halijui sifa anazopewa barabarani: humvunjavunja kuwa asidi amino kama linavyovunja maharage, na bila kazi ya kuushughulisha msuli asidi hizo hazina haja ya kwenda huko.

Kwa nini watoto fulani wa kiume hudhoofika misuli?

Mojawapo ya sababu ni ugonjwa wa Duchenne, unaompata takriban mtoto mmoja kati ya wavulana 5,000. Jeni yake, iliyotambuliwa miaka ya 1986 na 1987, iko kwenye kromosomu X, na kwa hiyo mama huweza kuibeba bila kuugua. Jeni hiyo hutengeneza distrofini, protini inayofunga kiunzi cha ndani ya uzi kwenye ala yake. Ikikosekana, kila hatua mtoto anayopiga huchana utando. Miaka ya mwanzo seli za satelaiti hukarabati, zinachanwa, hukarabati tena, mpaka ukarabati unashindwa na mahali pa nyama hujaa mafuta na kovu. Mtoto huyo akitaka kusimama kutoka sakafuni huweka mikono magotini na kujipandia mapaja yake mwenyewe. Vigimbi vyake huonekana vinene, na wazazi hudhani ana nguvu. Mzazi anayeona hivyo amwambie daktari waziwazi. Hakuna mtu aliyemroga.

Mzee anaweza kurudisha misuli?

Ndiyo, kuliko watu wanavyodhani. Uzee hupunguza nyuzi, hasa za haraka, na seli za satelaiti huamka kwa uvivu. Nguvu hupotea haraka kuliko unene. Lakini mwaka 1990 yalichapishwa matokeo kutoka Boston ya wazee wenye umri wa karibu miaka 90 na zaidi, wakazi wa nyumba ya kulelea wazee, waliofanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8, na nguvu zao za miguu ziliongezeka zaidi ya maradufu. Kusimama na kuketi kwenye kiti mara kumi bila kushika, asubuhi na jioni, si vyuma, lakini ni mwanzo ambao bibi anaweza kuufanya barazani.

Mkono uliokatwa na panga umepona, mbona mnofu unakonda?

Chunguza neva. Msuli usiopata taarifa kutoka kwenye neva hukonda hata kama damu yake ni nzima na seli zake za akiba zipo, kwa kuwa ukarabati wote tuliousimulia unamalizikia kwa neva kuushika tena uzi. Neva iliyokatwa na kushonwa hukua kwa takriban milimita moja kwa siku. Kutoka juu ya kiwiko hadi misuli midogo ya kiganja kuna kama sentimita 35 hadi 40, yaani mwaka na zaidi. Na msuli uliongoja muda mrefu mno, mwaka mmoja na nusu au miwili, huwa umekwisha kugeuzwa kovu neva inapofika. Ndiyo sababu jeraha la panga lililoacha vidole bila nguvu halisubiri kidonda kifunge kwanza.